Balakrishna: Mwigizaji Asiyesikia Aliyeitumikia Lugha Yake

Neno Kihindi tumelitwika mzigo usiokuwa wake. Mwenye duka akizungumza Kigujarati na mkewe, sisi husema anazungumza Kihindi. Fundi wa Kipunjabi akimwita mwanawe, hicho nacho tunakiita Kihindi. Na zile filamu ndefu za nyimbo na machozi zilizokuwa zikijaza kumbi za sinema za Nairobi, Mombasa na Kisumu, tuliziita sinema za Kihindi bila kuuliza zaidi. Kwa filamu hizo hatukukosea sana, maana nyingi zilikuwa kweli za lugha ya Kihindi na zilitengenezwa Bombay. Tulipokosea ni kudhani kwamba hapo ndipo India inapoanzia na kuishia.

Katiba ya India inazitaja lugha 22, na kadhaa miongoni mwazo zina sinema yake yenyewe, yenye mashujaa, waovu, wachekeshaji na mashabiki wake. Mojawapo ni Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka lililoko kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Kikannada si lahaja ya Kihindi, wala si ndugu yake. Ni cha ukoo wa Kidravidi pamoja na Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam, ilhali Kihindi ni cha ukoo mmoja na Kiajemi na Kiingereza. Maandishi yake ya kale yanayojulikana sana, yaliyochongwa kwenye jiwe la Halmidi, yanakadiriwa kuwa ya karibu mwaka 450. Katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni 43 walikitaja kuwa lugha yao ya mama. Hata hivyo, lugha hii yenye umri na watu wengi kiasi hicho ilikaa miaka mingi bila nyumba yake katika sinema, na mmoja wa watu waliojaribu kuijengea nyumba hiyo kwa mikono yao alikuwa mwigizaji ambaye kwa kiasi kikubwa hakuisikia.

T. N. Balakrishna alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910 Arsikere, mji wa njia panda ya reli katika wilaya ya Hassan, ndani ya ufalme wa Mysore wa wakati huo. Umaskini wa wazazi wake ulikuwa wa kupindukia. Wasimulizi wa maisha yake hutaja rupia 8 kuwa ndicho kiasi kilichobadilishana mikono mtoto huyo alipotolewa akalelewe na watu wengine. Habari hiyo sitaikuza, kwa kuwa machozi ya utotoni ni mtaji wa kawaida wa wanaoandika juu ya waigizaji. Itoshe kusema kwamba hakuwa mtoto wa shule ndefu, wala wa jamaa wenye kumshika mkono, na kwamba alijifunza maisha kwa kufanya kazi yoyote iliyotokea, hata akafika kwenye makampuni ya maigizo.

Makampuni haya yanahitaji maelezo kidogo, kwa sababu bila ya hayo hatuwezi kumwelewa Balakrishna. Kabla ya sinema, burudani kuu ya watu wa Mysore ilikuwa tamthilia za makampuni ya kusafiri. Kubwa kuliko yote ilikuwa ile ya Gubbi, iliyoanzishwa mwaka 1884 na kufikishwa kileleni na Gubbi Veeranna. Kampuni ilihama mji kwa mji ikiwa na mapazia, mavazi, ala za muziki na kundi zima la waigizaji. Hadithi zilikuwa aghalabu za miungu na wafalme, na lugha yake ilikuwa ya juu, iliyosheheni maneno ya Kisanskriti na beti za kuimbwa. Mwigizaji wa huko hakuwa na anasa ya kuchagua nafasi. Leo angekuwa mfalme, kesho mlinzi wa lango, keshokutwa mwanamke. Mwigizaji mwenye sura nyingi hakuzaliwa na sinema. Alizaliwa na ratiba ya kampuni ya kusafiri.

Sasa mfikirie mtu asiyesikia katika mazingira hayo. Jukwaani mwigizaji hungoja neno la mwisho la mwenzake ndipo aingie na lake. Akisahau, yuko mtu nyuma ya pazia mwenye kitabu mkononi, kazi yake kumnong'oneza. Lakini kiziwi hanong'onezewi. Msaada ambao wenzake wote waliutegemea, kwake ulikuwa haupo. Balakrishna alijulikana kwa kusoma midomo ya wenzake. Hapana shaka pia kwamba mtu wa hali yake hana budi kuyaweka moyoni maneno ya mchezo mzima, yake na ya wenziwe, ajue nani anasema nini na baada ya nani.

Hapa niruhusiwe kidogo kuingia katika somo langu, maana watu husema kusoma midomo kana kwamba midomo ni kitabu kilichochapwa vizuri. Mwalimu anayetaka kulijaribu jambo hili darasani hahitaji chombo chochote. Na atamke bila sauti maneno baba, papa na mama, kisha awaulize wanafunzi ametamka lipi. Hawatajua. B, p na m zote hufungwa kwa midomo miwili, na tofauti zake ziko kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki. K na g hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, hazionekani kwa mbali. Katika lugha yoyote, sehemu kubwa ya maneno hufichika kinywani, na msoma midomo hulazimika kuijaza kwa akili.

Kikannada kina ugumu wake wa ziada. Kina t mbili, d mbili, n mbili na hata l mbili: moja ulimi ukiwa mbele karibu na meno, nyingine ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa kuelekea juu na nyuma. Neno haalu lenye l ya kwanza ni maziwa; lenye l ya pili, iliyokunjwa, ni uharibifu. Kwa anayetazama midomo tu, maziwa na uharibifu ni neno moja. Zaidi ya hayo, kitenzi cha Kikannada huja mwishoni mwa sentensi, na mwishoni mwa kitenzi ndipo panapojulikana aliyetenda ni nani, tena kama ametajwa kwa heshima au kwa dharau. Mwigizaji mwenzako akigeuza uso kabla ya kumaliza sentensi, amekwenda na mambo yote ya maana. Balakrishna aliishi na tatizo hili mbele ya hadhira na mbele ya kamera kwa zaidi ya nusu karne, na watazamaji wengi walitoka ukumbini bila kutambua kitu.

Aliingia katika sinema mwaka 1943 kwa filamu ya Radha Ramana, ambayo ndiyo pia iliyomleta G. V. Iyer, mtu aliyekuja kuwa mwandishi na mwongozaji mashuhuri. Sinema ya Kikannada yenye sauti ilikuwa na miaka tisa tu. Filamu ya kwanza, Sati Sulochana, ilikuwa imeonyeshwa mwaka 1934, na picha zake zilipigwa Kolhapur, katika nchi ya Wamarathi, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na studio ya kuifanyia kazi hiyo. Huo haukuwa mkosi wa filamu moja. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu aliyetaka kutengeneza filamu ya Kikannada alifunga mizigo akaenda Madras, mji ambao tangu 1996 unaitwa Chennai. Huko zilikuwako studio, mafundi, maabara na pesa. Lakini vilikuwa kwanza vya Kitamil na Kitelugu. Mkannada alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba akiwa na shughuli, mpangaji husubiri barazani.

Ipo pia sababu ya kisiasa. Kabla ya 1956 wasemaji wa Kikannada walikuwa wametawanyika chini ya tawala kadhaa: wengine Mysore, wengine Bombay, wengine Hyderabad, wengine Madras, wengine Coorg. Tarehe 1 Novemba 1956 ndipo walipokusanywa katika jimbo moja, ambalo mwaka 1973 lilibadilishwa jina kutoka Mysore kuwa Karnataka. Soko la filamu zao lilikuwa limekatwakatwa kama nchi yao. Tajiri gani angeweka fedha hapo, ilhali filamu ya Kitamil ilimngoja mlangoni?

Mwaka 1954 ilitoka Bedara Kannappa, filamu iliyotokana na mchezo wa kampuni ya Gubbi. Ndiyo iliyomtambulisha Rajkumar, aliyekuja kuwa nyota mkubwa kupita wote katika lugha hiyo hadi kifo chake mwaka 2006, na ndiyo iliyomleta Narasimharaju, mchekeshaji mwembamba mwenye meno ya kuchekesha kabla hajafungua kinywa. Majina ya Rajkumar, Narasimharaju na Balakrishna yalizoeleka kutajwa kwa pumzi moja. Rajkumar ndiye shujaa. Narasimharaju ndiye kicheko. Balakrishna alikuwa chochote hadithi ilichohitaji.

Tukiulizwa alama ya kazi yake, basi ni hii ya kuwa chochote. Filamu zake zinahesabiwa kuwa zaidi ya 500. Alikuwa mwovu mwenye hila, alikuwa mchekeshaji, alikuwa baba, alikuwa mzee wa kijiji, alikuwa bahili. Katika Bangaarada Manushya ya mwaka 1972 alikuwa Rachutappa, mwenye mali anayemwunga mkono shujaa. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya T. K. Rama Rao, inamhusu mtu wa mjini anayerudi shambani na kuiokoa familia ya dada yake, na ilionyeshwa miaka miwili mfululizo katika ukumbi mmoja wa Bangalore. Waliozoea kumchukia Balakrishna katika filamu nyingine walitakiwa wampende katika hii, nao wakampenda. Alikuwamo pia katika Kantheredu Nodu ya 1961, ambayo jina lake ni wito wa kuyafungua macho na kutazama. Shujaa wa filamu hiyo ni mwimbaji kipofu, anayeigizwa na Rajkumar aliyekuwa na macho mazima. Sijui kama kuna aliyeitambua kejeli hiyo wakati ule: uziwi wa kweli ukisimama kando ya upofu wa kuigiza, na ukumbi mzima ukiulilia upofu.

Kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, mwigizaji wa pembeni ana uzito ambao nyota hana. Shujaa husema lugha iliyosafishwa, kwa sababu hadhira inataka kumwona akiwa juu. Katika filamu za miungu na wafalme, wote walisema hivyo, wakiendeleza mtindo wa jukwaani. Lakini kuanzia miaka ya 1960 filamu za maisha ya kawaida zilipoongezeka, mtu wa kuleta sauti za sokoni, za barazani kwa mzee wa kijiji na za jikoni hakuwa shujaa. Alikuwa mkopeshaji anayedai chake, karani anayetaka mlungula, mjomba mbishi. Hao ndio waliokisema Kikannada kama kinavyosemwa. Kazi hiyo ya kuishusha lugha kutoka jukwaani hadi mtaani ilifanywa na watu wa aina ya Balakrishna, na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na njia nyepesi ya kuyanasa mazungumzo ya mtaani. Aliyapata kwa kuwatazama watu sana. Huenda ndiyo sababu uso wake na mwili wake ulitangulia kusema kabla ya maneno.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi ilipungua mno. Rajkumar, Balakrishna, Narasimharaju na Iyer waliunda chama cha wasanii wa filamu za Kikannada, wakarudi walikotoka: jukwaani. Walizunguka miji ya jimbo lao jipya wakicheza tamthilia, Bedara Kannappa ikiwemo, na fedha zilizopatikana zikawasaidia kutengeneza filamu yao wenyewe, Ranadheera Kanteerava, iliyotoka mwaka 1960. Iyer ndiye aliyeiandika. Inamhusu Kanteerava Narasaraja, mfalme wa Mysore wa karne ya 17 aliyesifika kwa mieleka. Uteuzi wa hadithi haukuwa wa bahati nasibu. Jimbo lilikuwa na miaka minne. Watu waliounganishwa kwa sheria walihitaji kuonyeshwa kwamba walikuwa na historia. Filamu ilifanikiwa sana, na kwa muda waigizaji wanne waliokuwa hawana kazi walikuwa wamewafundisha matajiri biashara.

Katika miaka hiyo hiyo ulizuka mgogoro mwingine, nao ni wa filamu za kigeni kutiwa sauti za Kikannada. Kwa mwenye ukumbi, filamu ya Kitelugu au Kitamil iliyokwisha kutengenezwa na kubandikwa maneno mapya ilikuwa rahisi kuliko kuanzisha mpya. Waandishi, akiwemo A. N. Krishna Rao, na wasanii wenyewe waliipinga biashara hiyo, na upinzani ukashinda. Filamu za kubandikwa sauti zilitoweka karibu kabisa kwa miongo kadhaa, bila sheria yoyote ya bunge, hadi mwaka 2015 tume ya ushindani wa kibiashara ya India ilipoamua kwamba kuzizuia hakufai. Mimi nina mashaka na ulinzi wa aina hiyo. Lugha iliyofungiwa ndani hunenepa bila kukomaa. Lakini Mgala mwuue na haki yake mpe: bila ya ulinzi huo, katika miaka ya 1960, sidhani kama pangekuwa na waigizaji wa Kikannada wa kutosha kujaza filamu moja.

Serikali nayo ilianza kuwatupia jicho. Mwaka 1966 ilianza kutoa ruzuku kwa filamu zilizotengenezwa ndani ya jimbo, na studio chache zikawa zimeanza kusimama. Ile ya Premier huko Mysore ilikuwa ya tangu 1954. Ni katika muongo huo Balakrishna alipopewa na serikali ekari 20 pembezoni mwa Bangalore, upande wa Kengeri, ajenge studio. Akaiita Abhiman. Neno hilo lina asili ya Kisanskriti, na katika Kikannada hubeba fahari pamoja na mapenzi, ile hali ya kukiona kitu kuwa ni chako na kukisimamia. Kutokana nalo hupatikana neno abhimani, yaani shabiki.

Utoaji ni moyo, usambe ni utajiri. Balakrishna hakuwa tajiri. Malipo ya mwigizaji wa pembeni hayakuwa kamwe malipo ya nyota, naye alitia humo mali yake akitafuta kumaliza kilio cha safari za Madras. Studio ilisimama, lakini haikustawi kama alivyotumaini. Studio si kuta tu: inataka mashine zinazobadilika kila baada ya miaka michache, mafundi wanaolipwa hata siku zisizokuwa na kazi, na watayarishaji wenye ahadi za kuaminika. Biashara hiyo inazishinda hata kampuni zenye benki nyuma yake. Mzee aliendelea kuigiza, filamu baada ya filamu, hata uzeeni. Kumbe zile filamu 500 na zaidi tunazozihesabu kwa mshangao huenda zilikuwa pia ni hesabu ya madeni.

Kikannada chenyewe kilikuwa kikipanda. Mwaka 1982 ulikuja mvutano juu ya ripoti ya Gokak, iliyotaka lugha hiyo ipewe nafasi ya kwanza shuleni. Waandishi na walimu walianza harakati, lakini ni pale Rajkumar alipojiunga nazo na kuzunguka jimboni ndipo barabara zilipofurika watu. Walimu wenzangu wa Kiswahili walifikirie hilo. Wasomi walikuwa na hoja zote. Waigizaji walikuwa na masikio ya watu, na waliyapata katika kumbi za sinema, jioni baada ya jioni, kwa miaka karibu 30.

Balakrishna alifariki mwezi Julai 1995. Kufikia hapo sinema ya Kikannada ilikuwa imehamia nyumbani kwa dhati, na Bangalore ilikuwa imeanza kukua kwa kasi. Zile ekari zilizokuwa porini zikajikuta kando ya mji wenye njaa ya ardhi. Baadaye warithi walipata ruhusa ya kuuza sehemu yake, na mabishano juu ya iliyobaki yakafika mahakamani.

Desemba 2009 alifariki Vishnuvardhan, nyota wa kizazi kilichofuata, naye akachomewa hapo Abhiman kwa taratibu za Kihindu. Kuanzia siku hiyo mahali pale pakawa pa ziara. Mashabiki walifika kila mwaka na mashada ya maua, wakadai pajengwe kumbukumbu ya heshima. Mzozo ulikuwa mrefu hata serikali ikaijenga kumbukumbu kwingine, karibu na Mysore, na kuifungua Januari 2023. Mashabiki wengi hawakuridhika; kwao mahali ni pale alipochomewa. Agosti 2025 kijengo kilichokuwa Abhiman kilibomolewa, mashabiki wakaandamana, na serikali ikaanza hatua za kuirudisha ardhi mikononi mwake kwa hoja kwamba masharti ya kutolewa kwake, yaani studio na si kitu kingine, yalikuwa yamevunjwa.

Katika kelele hizo, jina lililovuma lilikuwa la Vishnuvardhan. La Balakrishna lilikuja chini zaidi, katika aya zinazoeleza historia ya kiwanja, mahali pale pale lilipozoea kuja katika orodha za waigizaji.